Leseni ya Mama Mkwe na Gari la Maji

Jumatatu, 6 Mei

Siku tisa tu! Mtihani wa udereva wa mama mkwe ni Jumatano ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, na mwalimu wake ni mimi. Nimekwisha.

Nieleze vizuri, maana shajara hii siku moja itasomwa na watu wenye akili. Mimi ni mwalimu katika shule ya udereva yenye magari mawili. Moja ni langu, la zamani, lina breki upande wa dereva na breki nyingine upande wangu. La pili analo Mwalimu Kola. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kola ya shati lake, imenyooka kuliko barabara yoyote hapa mjini. Wanafunzi wake hufaulu. Wangu hufaulu pia, wakijaliwa.

Mama mkwe ni mfugaji wa kuku. Amenunua kigari cha mizigo kwa jasho lake mwenyewe, kimekaa uani kwake chini ya turubai. Kuanzia tarehe ishirini, jiko la hospitali linataka trei arobaini za mayai kila asubuhi kabla ya saa moja. Wamesema wazi kwamba mayai yakichelewa watamtafuta mfugaji mwingine. Kuku wapo, mayai yapo, kigari kipo. Leseni ndiyo haipo. Amefeli mara mbili. Akifeli ya tatu anaanza upya darasani, miezi mitatu, na hospitali haitamsubiri.

Na anafeli kwa nini? Nitaandika hapa tu. Ni kwa sababu yangu. Miaka kumi na miwili tangu nioe, mimi na Mama hatujavuka salamu. Akiwa na neno anamwambia mke wangu, mke wangu ananiambia mimi. Heshima! Lakini mke wangu ni msusi, yuko saluni kwake, hayumo garini. Nitamwambiaje mkwe wangu akanyage breki? Tena kwa kupiga kelele? Kwa hiyo nazungumza na kioo cha mbele. Nakiambia kwamba baadhi ya madereva, wakifika hapa, hubadili gia. Naye hunijibu kwa kuliambia gari kwamba limezeeka. Kisha tunaendelea na gia ya kwanza mpaka sokoni, injini inalia kama mbuzi.

Gia ya kwanza inakunywa mafuta balaa. Mkurugenzi, mwenye shule, anatupimia lita kumi na tano kila mmoja, kila Jumatatu, kwa dumu lenye mistari. Leo nimemwomba aniongezee kwa sababu Mama anahitaji kuendesha mara mbili ya wengine. Akasema, bila kuinua macho, kwamba ya Mwalimu Kola humfikisha wiki nzima. Kola akakohoa kwa adabu. Halafu akasema kama nimeshindwa anaweza kumchukua mama yule, yeye haogopi kumsahihisha mtu mzima.

Kumchukua! Mpaka nife.

Saa kumi na mbili jioni. Jambo kubwa! Mke wangu ameleta kioo kipya cha saluni, kimefungwa kwa magazeti. Nimekifungua, nikaanza kusoma karatasi. Kumbe kuna magari yanatembea kwa haidrojeni! Inachomwa ndani ya injini badala ya petroli, na bomba la moshi linatoa mvuke wa maji tu. Na haidrojeni inatoka wapi? Kwenye maji! Unapitisha umeme, maji yanaachana. Uani kwangu kuna pipa zima la maji, limejaa, halina kazi.

Leo nitalala kwa tabu kwa furaha.

Jumanne, 7 Mei

Mtambo umekamilika. Vifaa: kopo moja la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, mpira mwembamba, nyaya, soda ya kuokea kidogo ili umeme upite vizuri, na vyuma visivyoshika kutu. Vyuma vya namna hiyo vinauzwa ghali. Nikakumbuka vijiko vya mke wangu, vile sita vya wageni. Wageni wenyewe hawaji.

Nimevipanga koponi, vitatu upande wa chanya, vitatu upande wa hasi, nikaunga kwenye betri. Vikaanza kutoa mapovu! Mapovu madogo, meupe, mengi! Nilikaa nikiyatazama kama baba anayetazama mtoto wa kwanza. Kisha nikaingiza mpira kwenye beseni la maji ya sabuni ili gesi ijae povuni, nikawasha kiberiti kuona kama inawaka.

Inawaka.

Mlio wake jirani ameufananisha na tairi la lori. Beseni limepasuka. Nyusi zangu sina tena, zote mbili, pamoja na nywele za mbele. Mke wangu alikuja mbio kutoka chumbani, akanitazama mimi, akatazama beseni, akatazama kopo. Nilidhani ataniuliza kama nimeumia. Akauliza vijiko vyake vinafanya nini humo.

Hata hivyo gesi ipo. Wavumbuzi wote wamepitia haya.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu amenichora nyusi kwa wanja. Alikuwa bado amekasirika, ndiyo maana wa kushoto uko juu zaidi. Natembea siku nzima nikionekana nimeshangaa. Mkurugenzi ameniuliza mara mbili kuna nini. Kola amesema ananipa pole kwa habari yoyote niliyoipata.

Mama aliponiona alitazama mara moja tu, kisha akageuzia uso kwenye mtaa na kuuweka huko kwa dakika tisini. Heshima kubwa mno.

Mtambo umefungwa. Kopo linakaa pembeni ya injini, mpira unaingia pale hewa inapoingilia. Kazi ilikuwa kupata waya wenye umeme wakati gari limewashwa tu, ili maji yasichemke bure likiwa limezimwa. Nimeingiza mkono nyuma ya dashibodi. Nyaya kibao! Nikachagua mmoja mwekundu wenye afya, nikauchomoa ulikokuwa na kuupeleka kwangu. Hakuna kilichozimika. Taa sawa, honi sawa. Bahati ya fundi!

Asubuhi mshale wa mafuta ulikuwa nusu. Mama ameendesha saa moja na nusu. Mshale uko nusu.

Sisemi kitu. Naandika tu. Nusu!

Alhamisi, 9 Mei

Nusu! Tumezunguka tangu saa mbili mpaka saa sita, tumepanda mlima wa kanisani mara nane, tumekwenda mpaka kiwandani na kurudi, na mshale haujasogea hata unywele. Gari linatembea kwa maji na vijiko.

Nilijiwekea nadhiri ya kumficha kila mtu siri hii mpaka baada ya mtihani. Nimemwambia mlinzi wa shule, mwenye duka la vipuri, mama wa pale kwenye mashine ya kurudufu, na abiria wawili nisiowajua waliokuwa wanasubiri basi. Mlinzi amesema Mungu ni mkubwa.

Kwa sababu mafuta si tatizo tena, nimempa Mama masomo ambayo hakuna mwalimu anayepata nafasi ya kuyatoa. Pale juu mlimani tulisimama, nikakieleza kioo cha mbele kwa utulivu kwamba baadhi ya madereva, gari likiwazimikia kwenye mlima, hawapapatiki. Hukanyaga klachi, huachia gari litambae kwa nguvu iliyobaki mpaka pembeni, huvuta breki ya mkono, huwasha taa za hatari, huteremka kuweka pembetatu ya tahadhari hatua thelathini nyuma, na huweka mawe kwenye matairi. Kioo kilinisikiliza. Mama alikuwa anafuta usukani kwa leso. Kisha akaliuliza gari kama thelathini ni hatua za mtu mrefu au mfupi. Nikakijibu kioo kwamba za kawaida.

Anaweka gia ya pili sasa! Leo aliweka hata ya tatu, akaogopa, akairudisha.

Ijumaa, 10 Mei

Betri imekufa. Katikati ya makutano ya posta, taa ya kijani, magari ishirini nyuma yetu yanapiga honi.

Nilishuka kusukuma. Mama alibaki kwenye usukani. Sasa mtu akisukuma gari lazima ampe dereva amri, na mimi siwezi. Nikaliambia buti la gari, kwa sauti ya juu kidogo, kwamba baadhi ya madereva sasa wangeachia klachi. Hakusikia, dirisha limefungwa. Nilisukuma mpaka benki. Jasho likateremka na nyusi.

Kola alipita taratibu na mwanafunzi wake, dirisha wazi, mkono nje. Alinipungia. Mwanafunzi naye akanipungia. Nimeandika namba ya gari lake ingawa naijua.

Jioni ujumbe umefika kupitia mke wangu. Mama anauliza, kwa heshima zote, kama gari litapona kabla ya Jumatano. Amesema pia kwamba amekwisha kununua trei, arobaini, na kamba za kufungia. Mke wangu alipolisema hilo hakunitazama. Nikahisi kitu kizito kifuani. Si chakula.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwa fundi betri. Mzee mpole, vidole vimeliwa na tindikali, ana benchi moja na redio inayokwaruza. Amepima betri, amefungua boneti, ameona kopo. Akakaa chini.

Akaniuliza umeme wa kuchemsha maji hayo unatoka wapi. Nikamwambia kwenye betri. Na betri inajazwa na nini? Na dainamo. Na dainamo inazungushwa na nini? Na injini. Na injini inakula nini? Nikaona anakopeleka. Akasema ninateka maji kwenye pipa kwa ndoo iliyotoboka, nayamimina kwenye pipa lile lile, halafu nashangilia kwamba pipa linaongezeka. Kila mkono unaopitisha nguvu unabakiza kidogo. Petroli ninayochoma kutengeneza gesi ile ni nyingi kuliko petroli ambayo gesi ile ingeokoa.

Nikamwambia kuhusu yale magari ya kwenye gazeti. Akasema ni kweli yapo. Lakini haidrojeni yao inatengenezwa kiwandani kwa umeme wa kutoka nje ya gari, kisha inashindiliwa kwenye matangi mazito kwa mgandamizo mkubwa. Haitengenezwi na gari lenyewe likiwa njiani. Tena haidrojeni ni nyepesi, inapenya popote, inawaka kwa cheche ndogo. Hapo akatazama nyusi zangu.

Nikatoa karata yangu ya mwisho. Mshale! Siku tatu, nusu! Kama mimi ni mjinga, mshale nao ni mjinga?

Aliwaza. Akauliza nilichomoa waya gani kule nyuma ya dashibodi. Nikasema sijachomoa waya wowote. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alinitazama kwa huruma, akaniuzia betri.

Ni mzee mzuri lakini ana wivu. Miaka arobaini na betri, hajavumbua kitu.

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya ushindi!

Saa mbili asubuhi, Mkurugenzi alitoka na dumu lake lenye mistari. Kola akapimiwa kumi na tano. Ikafika zamu yangu. Walikuwepo wote: Kola, mlinzi, karani, wanafunzi sita wa darasa la alama za barabarani. Nikasimama wima. Nikasema asante, sihitaji.

Mkurugenzi alishusha miwani. Akauliza kama naacha kazi. Nikasema gari langu halijagusa petroli tangu Jumatano, linatumia haidrojeni, njooni mwone. Nikawaonyesha mshale. Nusu! Mlinzi akapiga makofi, na wanafunzi wawili nao. Mkurugenzi akasema kama ni kweli atanipa cheo cha mwalimu mkuu, na kama si kweli ataniuliza vizuri.

Kisha Kola, yule nyoka aliyevaa tai, akasema basi mafuta yangu yasikae bure, ayachukue yeye. Akayachukua! Lita thelathini! Alikuwa anatabasamu. Mwache atabasamu. Mtu wa petroli.

Mama ameendesha saa tatu leo, mpaka barabara kuu. Gia ya tatu. Ya nne mara moja.

Jumanne, 14 Mei

Kesho ndiyo siku.

Tatizo dogo. Maji ya kopo yamekuwa ya kahawia na yananuka. Vijiko viwili vimelika, vimebaki mipini. Leo tulipokuwa tunakagua gari, somo la mwisho, Mama alifungua boneti mwenyewe kama mtihani unavyotaka. Akaona kopo linachemka. Akafunga boneti polepole.

Jioni ujumbe ukaja. Mama anauliza kwa nini nachemsha chai ndani ya injini. Anaomba, na mke wangu alilirudia neno hilo, anaomba, kwamba kwa kesho tu chai hiyo itolewe. Mke wangu akanishika mkono, akanitaka niahidi. Nikainua mkono wa kulia nikaahidi.

Nimekwenda kwa Mama baadaye kumpelekea fomu zake. Nilimkuta uani ameondoa turubai. Alikuwa anafuta kigari, taa moja baada ya nyingine, kwa kitambaa kilekile cha kufutia mayai. Mlangoni amebandika karatasi yenye njia ya kwenda hospitalini, ameichora kwa mkono, kila kona na kila tuta. Nikaweka fomu juu ya kiti na kuondoka bila kugonga. Nilijisikia vibaya, sitaficha.

Ndiyo maana nilirudi moja kwa moja garini na kushika bisibisi ili nitoe kopo. Kisha nikawaza. Nikilitoa, gari litatembea kwa nini? Mafuta nilikataa mbele ya watu. Kwenda kumwomba Kola? Kumwangukia Kola?

Kopo nimelisogeza nyuma zaidi, nikalifunika kwa kitambaa cheusi. Halionekani. Ahadi ilikuwa kwamba Mama asilione.

Jumatano, 15 Mei

Nimefika nyumbani. Nimekunywa maji glasi tatu. Naandika yote kama yalivyotokea.

Mtahini alikuwa mwanamume mnene mwenye mafua, bahati kubwa, hakusikia harufu. Alikaa mbele na ubao wake wa karatasi. Mimi nilikaa nyuma, kama sheria inavyotaka, mdomo umefungwa, kama sheria inavyotaka pia. Mama alivaa gauni la bluu na viatu vya raba. Aliwasha. Likawaka! Tukatoka.

Kona ya kwanza, safi. Makutano ya posta, safi. Mtahini akitaka kitu anakisema tu: kulia, kushoto, simama. Anaamrisha bila haya! Na Mama anatii bila shida. Nilishangaa, na safari hii si kwa sababu ya nyusi. Gia ya pili, ya tatu. Nilianza kupanga nitakavyomtazama Kola.

Tukafika mlima wa kanisani. Katikati ya mlima gari likakohoa. Likashtuka. Likakohoa tena. Moyo wangu ukasimama kabla ya gari. Nilitazama mshale. Nusu! Ulikuwa nusu! Na hapo hapo, wallahi, niliuelewa ule waya mwekundu. Mshale haukuwa unasema kitu. Ulikuwa umeganda pale pale tangu Jumatano iliyopita, na tangi limekauka.

Injini ikanyamaza. Lori nyuma yetu. Mtahini akashika mpini wa mlango. Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo! Lakini ni mkwe wangu, sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu. Nikaona mayai, trei arobaini, zote zinashuka mlima.

Mama akakanyaga klachi. Gari likatambaa kwa nguvu iliyobaki mpaka pembeni, taratibu, tairi mbili kwenye majani. Breki ya mkono. Taa za hatari. Akamwomba Mtahini ateremke upande usio na magari, tafadhali, baba. Akachukua pembetatu ya tahadhari nyuma ya kiti changu bila kunitazama. Akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Mtahini alisimama majanini na leso puani akimsikiliza. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Akaiweka, akarudi, akatafuta mawe mawili, akayasukumia kwenye matairi kwa mguu. Kisha akasimama kando ya gari, mikono imeshikana mbele, akangoja kuambiwa amefeli.

Mtahini alipenga kamasi. Akasema ana miaka kumi na saba katika kazi hii. Gari likiharibika kwenye mtihani, wengine hulia, wengine huzima taa badala ya kuziwasha, na wote, bila kubakiza hata mmoja, hugeuka nyuma kumtazama mwalimu awaokoe. Huyu mama hakugeuka hata mara moja.

Kwa kweli hajageuka kunitazama kwa miaka kumi na miwili.

Akaandika. Akararua karatasi. AMEFAULU! Mama alisoma ile karatasi mara tatu. Kisha akakaa juu ya jiwe la tairi la nyuma na kulia ndani ya leso, kimya kimya, mabega yanatikisika. Mimi nilizunguka upande wa pili wa gari nikalia huko, ili tusionane.

Ingeishia hapo ingekuwa siku nzuri. Lakini Mtahini alifungua boneti.

Alhamisi, 16 Mei

Mkurugenzi ameniuliza vizuri. Imechukua saa nzima.

Barua ya Mtahini ina kurasa mbili. Inasema gari lilikuwa na chombo cha kutengeneza gesi inayolipuka, kimefunikwa kitambaa, umbali wa kiganja kutoka kwenye plagi, na geji ya mafuta iliyonyofolewa. Gari halitakanyaga barabara mpaka kila kitu kirudishwe kilipokuwa na likaguliwe. Nilijaribu kueleza kwamba mwanafunzi amefaulu, tena kwa sifa, na kwamba bila mtambo wangu gari lisingezimika, na kama lisingezimika asingeonyesha uwezo wake. Mkurugenzi akasema nitoke.

Kuanzia Jumatatu mimi ni mwalimu wa darasa la alama za barabarani. Ubao, fimbo ya kuonyeshea na picha za ng'ombe wanaovuka. Kola amekuja kunipa pole na kunikabidhi fimbo. Anasema kazi ya darasani ina kivuli. Kwa kweli ni kama nimepandishwa cheo. Mwalimu mkuu naye hukaa ndani.

Mke wangu hasemi nami tangu jana. Ujumbe unakuja kupitia watoto.

Jumatatu, 20 Mei

Leo mayai yamefika hospitalini saa kumi na mbili na dakika arobaini. Trei arobaini, na limepasuka yai moja tu. Habari hizi nimezipata kwa mdomo wa Mama mwenyewe. Narudia, kwa mdomo wake mwenyewe!

Ilikuwa saa kumi alasiri. Nimetoka darasani, niko nyumbani peke yangu. Mke wangu yuko saluni, watoto wako shule. Nikasikia injini. Kigari kikaingia langoni kwangu kwa kurudi nyuma, polepole, vioo vyote viwili vinatazamwa, kikasimama sambamba na ukuta. Sijawahi kumfundisha hivyo. Mama akashuka na trei ya mayai mikononi. Akatazama mlango akimtafuta mke wangu. Hayupo. Akatazama dirishani, labda watoto. Hawapo. Hakuna mtu wa kupitishia maneno, na neno alikuwa nalo, lilionekana usoni.

Basi akanitazama mimi. Machoni! Akasema mayai yamefika na jiko limemwambia aendelee. Akasema yale ya kioo cha mbele aliyasikia yote, na usiku alikuwa anayarudia kitandani. Akaniwekea trei mikononi. Kisha akasema, "Mwanangu."

Mwanangu! Miaka kumi na miwili! Nikasema naam, Mama, nikamtazama nami machoni.

"Gari langu usiliguse."

Nikamwambia sitaligusa, Mama. Akaitikia kwa kichwa, akapanda, akawasha taa ya kugeuka ingawa barabara ilikuwa tupu, akaondoka. Nilibaki pale nimeshika mayai, machozi yananitoka, na sikuyafuta. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo.

Saa moja jioni. Nimeyawaza maneno yake kwa utulivu. Mama ni mtu wa maneno machache, na kila neno lina mahali pake. Amesema gari. Hakusema banda. Sasa kule bandani ana mashine ya kutotolea vifaranga, inahitaji joto usiku na mchana, na umeme wa kwao unakatika kila siku. Joto tu! Mwali mdogo wa haidrojeni, chini ya mayai, taratibu. Hakuna dainamo, hakuna mshale, hakuna Mtahini. Betri ninayo mpya. Mtoto gani angemwacha mama yake apoteze vifaranga?

Yeye huondoka na mayai saa kumi na mbili kamili. Kesho nitaingia bandani saa kumi na mbili na dakika tano.